Kinachotokea ubongoni mgonjwa anapopigwa nusukaputi

Propofoli ni dawa ya nusukaputi iliyo nyeupe pepe, kwa sababu haiyeyuki katika maji na hivyo huchanganywa na mafuta ya soya. Daktari wa usingizi akiisukuma kwenye mshipa wa mkono, inachukua kama nusu dakika kufika ubongoni. Mgonjwa anaambiwa ahesabu. Anahesabu, ulimi unakuwa mzito, kisha anaachia katikati ya namba. Kinachofuata katika kumbukumbu yake ni dari ya chumba cha kuzindukia na nesi anayemwita jina. Saa tatu za upasuaji, kwake, hazikuwahi kuwepo.

Ndugu wanaosubiri nje huambiana kwamba amelala. Sivyo. Aliyelala ukimfinya anaamka, ukimwita kwa nguvu anageuka, na usiku kucha ubongo wake hupanda na kushuka katika mizunguko ya dakika 90 hivi. Aliye ndani ya nusukaputi hukatwa kwa kisu asijue, na hali yake haibadiliki mpaka dawa ipunguzwe. Wengine husema ubongo umezimwa. Hilo nalo halisimami, kwa sababu ukimbandika mgonjwa huyo elektrodi kichwani utaona umeme mwingi, tena mawimbi makubwa kuliko aliyokuwa nayo akiwa macho. Seli za neva, yaani nyuroni, bado zinapiga. Kilichopotea ni uwezo wa nyuroni za eneo moja kuzifikishia habari nyuroni za eneo la mbali wakati bado zinaweza kuipokea. Katika hadithi nzima ya nusukaputi, hicho ndicho ninachokiona cha ajabu kuliko vyote, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Binadamu alijua kulaza wagonjwa muda mrefu kabla ya kujua anafanya nini. Mwaka 1804 huko Japani, mpasuaji Hanaoka Seishu alimtoa mwanamke uvimbe wa titi baada ya kumnywesha mchanganyiko wa mitishamba. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na John Collins Warren akaukata uvimbe wa shingoni bila ya yale mayowe yaliyozoeleka. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Dawa ziliendelea kuongezeka. Maelezo hayakuongezeka.

Kilichowatatiza wataalamu ni kwamba vitu vinavyolaza havifanani. Etha, klorofomu, gesi ya nitrasi oksidi, na baadaye hata xenoni, gesi ambayo kikemia karibu haijihusishi na kitu chochote: maumbile yake ni mbalimbali kabisa, kazi ni moja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata, Hans Meyer na Charles Overton, kila mmoja kivyake, waliona jambo linaloziunganisha. Kadiri dawa inavyoyeyuka vizuri katika mafuta ya zeituni, ndivyo kiasi kidogo zaidi kinavyotosha kumlaza kiumbe. Na kwa kuwa utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta, kwa takriban miaka 80 iliaminika kwamba dawa hupenya kwenye utando huo na kuuvuruga.

Aliyewasaidia kutoka hapo ni kimulimuli. Mwaka 1984 Nick Franks na William Lieb, wakiwa London, walichukua kimeng'enya kinachompa mdudu huyo mwanga wake, kikiwa kimetengwa na mafuta yote, wakakitilia dawa za usingizi. Mwanga ukafifia, na viwango vilivyoufifisha vililingana na vile vinavyolaza wanyama. Hapakuwa na mafuta ya kuvurugwa. Dawa ilikuwa imejipenyeza kwenye protini yenyewe, na tangu hapo utafutaji ukahamia kwenye protini.

Nikiwa bado kwenye viumbe vidogo: Claude Bernard, mwanafiziolojia Mfaransa wa karne ya 19, aliwahi kuuweka ndani ya mvuke wa etha mmea wa kifauwongo, ule ambao watoto huugusa ili waone majani yakijikunja. Majani yaliacha kujikunja. Etha ilipoondolewa, yakarudia mchezo wake. Mmea hauna ubongo, kwa hiyo jaribio hilo halituelezi chochote kuhusu fahamu, lakini linatuonya kwamba dawa hizi hugusa mitambo ya kimsingi sana ya uhai, na kwamba anayedai zina tundu moja tu zinaloliziba anarahisisha mno.

Hata hivyo kuna tundu moja lenye uzito kuliko mengine. Katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, takriban nyuroni moja kati ya tano ina kazi ya kuzinyamazisha nyingine. Hufanya hivyo kwa kumwaga kemikali iitwayo GABA. Ikitua kwenye kipokezi chake, mlango mdogo unafunguka, chembe za kloridi zenye chaji hasi zinaingia, na nyuroni iliyopokea inakuwa ngumu kuamshwa kwa kitambo kidogo. Propofoli, etomideti, thiopentoni na mivuke kama halotheni na sevofloreni hushikamana na kipokezi hicho hicho na kuufanya mlango ukae wazi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya kupendeza kuhusu panya waliobadilishwa asidi amino moja tu katika sehemu moja ya kipokezi hicho. Walipopewa propofoli au etomideti kwa dozi inayowafanya panya wengine wasisogee hata wakibanwa mguu, wao waliuvuta mguu. Kiungo kimoja katika mnyororo wa mamia, na dawa ikapoteza makali.

Basi dawa inaongeza unyamazishaji. Sasa mbona mawimbi yanakuwa makubwa?

Hapo ndipo inabidi tuache kuitazama nyuroni moja moja. Ubongo wa binadamu una nyuroni kama bilioni 86, na bilioni 16 kati ya hizo ziko kwenye gamba la nje. Mtu aliye macho ana kelele za kila aina humo: vikundi vidogo vinaungana kwa sehemu ya sekunde, vinaachana, vinaungana na vingine. Kwa kuwa kila kikundi kina mwendo wake, umeme unaofika juu ya fuvu ni mdogo na una haraka, maana milindimo inayopishana hufutana. Unyamazishaji ukirefushwa, nyuroni nyingi za jirani hulazimika kunyamaza kwa pamoja, na mlango ukifungwa huachiliwa kwa pamoja. Zinapiga pamoja, zinanyamaza pamoja. Milindimo haifutani tena, inajumlishana. Ndiyo maana mawimbi ni makubwa, na ndiyo maana ukubwa wake si dalili ya afya.

Kwa miongo mingi hilo lilionekana kwa nje tu, kupitia ngozi na mfupa. Nafasi ya kuona ndani ilitokana na wagonjwa wa kifafa. Mtu ambaye kifafa chake hakisikii dawa anaweza kupandikizwa elektrodi ndani ya fuvu kwa siku kadhaa, ili madaktari wajue degedege linaanzia wapi kabla ya kukata. Elektrodi zenyewe hutolewa kwa upasuaji, na upasuaji unahitaji usingizi. Laura Lewis, akiwa na Emery Brown na Patrick Purdon wa hospitali ile ile ya Boston, waliitumia nafasi hiyo. Waliwapata wagonjwa watatu, wakawa wanawasikilizisha sauti na kuwataka wabonyeze kitufe kila wanapoisikia, huku propofoli ikiingia mshipani. Elektrodi nyembamba zilikuwa zikisikiliza nyuroni moja moja, na nyingine kubwa zikisikiliza maeneo mapana ya gamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Mgonjwa alipoacha kubonyeza, ndani ya sekunde chache wimbi zito la polepole lilijitokeza, lisilotimiza hata mzunguko mmoja kwa sekunde. Kila nyuroni ikajifunga kwenye wimbi la mahali pake. Katika sehemu moja ya wimbi iliruhusiwa kupiga, katika sehemu iliyobaki ilikaa kimya kabisa, kisha tena. Kuna vipindi ambapo idadi ya mapigo ilirudi karibu na ile ya mtu aliye macho, na mgonjwa bado hakuwa na habari. Kwa hiyo wingi wa mapigo peke yake haukueleza kilichotokea.

Kilichoeleza ni saa. Majirani walio ndani ya sentimita chache walipanda na kushuka kwa pamoja, lakini eneo lililo mbali zaidi lilikuwa na wimbi lake lisilolingana na la kwanza, na tofauti kati yao ilibadilika kila mara. Fikiria mgao wa umeme katika jiji ambalo simu zote zinategemea umeme wa ukutani. Mtaa wa Sinza unawaka saa ambayo Temeke iko gizani, ukizimika huku unawaka kule, na ratiba haijulikani. Ndani ya Sinza watu wanapigiana simu bila shida. Temeke vilevile. Lakini kila anayepiga kutoka Sinza kwenda Temeke anakuta simu imezimwa, ingawa hakuna waya uliokatika wala simu iliyoharibika.

Hesabu yake ni rahisi. Ujumbe kutoka upande mmoja wa gamba hadi mwingine huchukua milisekunde kumi kumi, labda makumi kadhaa. Kimya ndani ya wimbi la polepole hudumu mamia ya milisekunde. Ujumbe unafika kabla kimya hakijaisha, haukuti mpokeaji, unapotea. Na kwa kuwa mawimbi ya maeneo hayana mpangilio kati yao, hakuna njia ya mtumaji kuotea wakati mzuri.

Lakini wimbi hilo halifanyi kazi peke yake. Chini ya propofoli hujitokeza mdundo mwingine wa kasi ya mara kumi hivi kwa sekunde, uliojaa sehemu ya mbele ya kichwa, juu ya paji la uso. Mtu aliyefumba macho akiwa mzima huwa na mdundo wa kasi kama hiyo, ila wake hukaa kisogoni. Huu wa mbele unatokana na thalamasi, kiungo kilichofichika katikati ya ubongo ambacho habari za karibu hisia zote hupitia, kikiwa kimefungana na gamba la mbele katika mzunguko mmoja usiobadilika. Hapa uratibu haukupungua. Umezidi. Thalamasi na paji zinarudiana neno lile lile mara kumi kila sekunde, na katika mzunguko ulioshikana hivyo hakuna nafasi ya habari mpya kuingia. Mwenye degedege kubwa la kifafa hupoteza fahamu huku nyuroni zake zikipiga kwa umoja wa kutisha, nalo linatukumbusha kwamba umoja na maelewano si kitu kimoja. Fahamu inaonekana kuhitaji maeneo yanayotofautiana na bado yanasikilizana. Dawa inaharibu pande zote mbili: karibu inalazimisha kufanana, mbali inazuia kusikilizana.

Mdundo huo wa paji hautokei kwa kila mtu. Watoto wachanga wakilazwa kwa sevofloreni wana mawimbi ya polepole lakini hawana mdundo huo wa mbele, ambao huanza kuonekana wakiwa na umri wa miezi minne hivi, nyaya kati ya thalamasi na gamba zikiwa zinaendelea kukomaa. Kwa wazee nao hufifia. Mashine inayosoma ubongo wa kijana wa miaka 25 na kutoa hukumu haipaswi kuaminiwa vivyo hivyo kwa bibi wa miaka 80.

Je, habari zinakwama wapi hasa? Sikio halilali. Katika utafiti mwingine wa wagonjwa wa kifafa wenye elektrodi ndani ya fuvu, uliochapishwa mwaka 2020, watu walisikilizishwa sauti kabla na baada ya propofoli. Katika gamba la kwanza la kusikia, lile linalopokea sauti kutoka thalamasi, nyuroni nyingi ziliendelea kuitikia karibu kama kawaida. Hatua za mbele, kwenye maeneo ambayo hugeuza sauti kuwa neno na neno kuwa maana, mwitikio ulififia. Sauti ya daktari inaingia mpaka sebuleni lakini mwenye nyumba haipati. Watafiti wengine walilijaribu jambo hilo kutoka nje, kwa kuligonga gamba la ubongo kwa mpigo wa sumaku kupitia fuvu na kusikiliza mwangwi wa umeme. Kwa mtu aliye macho mwangwi unasafiri, unaruka huku na kule, unarudi, kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa aliyelazwa kwa propofoli au kwa dawa nyingine ya usingizi, midazolamu, mpigo huo huo unaibua wimbi kali pale pale ulipogonga, kisha linazimika hapo hapo. Marcello Massimini wa Milan na wenzake wakaugeuza mwangwi huo kuwa kipimo cha namba, ambacho leo hutumika pia kuwachunguza wagonjwa walioumia ubongo na ambao haijulikani kama wanajitambua.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka kwa kima aina ya makaki. Katika maabara ya Earl Miller kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, kima walipewa propofoli huku nyuroni za maeneo manne ya gamba na za thalamasi zikirekodiwa. Kabla ya dawa, nyuroni za gamba zilipiga mara saba hadi kumi kwa sekunde. Baada ya dawa, mara moja au pungufu. Wagonjwa wa Boston walionyesha vipindi vya mapigo ya kawaida, kima walionyesha kushuka kukubwa. Wingi na mpangilio vyote vinaguswa, na tofauti hii isifichwe. Sehemu ya kusisimua ilifuata. Watafiti walipoichochea thalamasi kwa umeme wa kasi, dawa ikiwa bado inatiririka, wimbi la polepole lilipungua, nyuroni zilirudi kwenye mapigo ya haraka, na kima wakafungua macho na kuanza kusogeza miguu na mikono. Kundi jingine la Marekani lilipata jambo linalofanana kwa kuchochea kiini kimoja mahsusi cha thalamasi. Umeme ulipokatwa, kima walirudi walikokuwa. Dawa haikuondoka mwilini. Milango ya GABA ilikuwa bado wazi. Kilichorudishwa kwa muda ni mawasiliano, na dalili za fahamu zikarudi nayo.

Nimezungumza kana kwamba nusukaputi ni kitu kimoja. Kwa mgonjwa inaonekana hivyo, ila ndani yake kuna mambo kadhaa yanayotendeka mahali tofauti. Kutosogea mtu anapokatwa, kwa mfano, hakutokani hasa na ubongo. Katika miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba panya waliotenganishwa ubongo wa juu na uti wa mgongo walihitaji kiasi kile kile cha mvuke ili waache kurusha mguu. Ni uti wa mgongo unaonyamazishwa. Kusitisha upumuaji ni kazi ya dawa kwenye shina la ubongo, ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huwa na barakoa na mfuko wa kupulizia hewa mkononi kabla hata hajasukuma sindano. Kusahau kunahusu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu, na huja kwa dozi ndogo kuliko inayohitajika kupoteza fahamu. Mtu anaweza kukujibu maswali kwa dakika kadhaa na kesho akakana kwamba alisema neno.

Halafu kuna ketamini, inayovuruga maelezo mazuri ya aya zilizotangulia. Iligunduliwa mwaka 1962 katika kampuni ya Parke-Davis, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki ndiyo dawa inayotegemewa, kwa kuwa haishushi presha kama nyingine, mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe kwa kawaida, na haihitaji mashine inayotegemea umeme wala gesi ya mtungi. Haifungui mlango wa GABA. Inaziba mlango mwingine, wa kipokezi kiitwacho NMDA, kinachopokea glutameti, kemikali ya kuamsha nyuroni, na inaonekana huwahi kuziba ile iliyo kwenye nyuroni za kunyamazisha. Wanyamazishaji wakinyamazishwa, wengine wanaachiliwa. Umeme wa ubongo unakuwa wa kasi badala ya kupoa. Mgonjwa anatazama dari bila kuona, macho yakicheza upande kwa upande. Akigongwa kwa sumaku, mwangwi unasafiri karibu kama wa mtu aliye macho, na akizinduka anasimulia ndoto ndefu, nyingine za kutisha. Kwa maneno mengine, huyu alikuwa na fahamu ya aina fulani, ila imekatwa kutoka duniani.

Je, kuna kinachoziunganisha ketamini na propofoli? George Mashour na UnCheol Lee wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima mwelekeo wa mawasiliano ubongoni chini ya dawa tatu, propofoli, sevofloreni na ketamini, na mwaka 2013 waliripoti kwamba zote zilidhoofisha njia ya kutoka paji kwenda nyuma, huku njia ya kutoka nyuma kwenda paji ikiathirika kidogo. Njia inayorudi nyuma ndiyo ubongo huitumia kuvipa maana vinavyoingia: kulinganisha na kumbukumbu, kutarajia, kuamua kipi kizingatiwe. Inanivutia hoja hiyo, ingawa wapo wanaosema uzito uko nyuma ya kichwa, si mbele, na mabishano hayo ni makali.

Mabishano haya yana uzito hata ndani ya thieta. Katika hospitali zenye uwezo hutumika kifaa kinachosoma umeme wa paji na kutoa namba kati ya 0 na 100. 40 hadi 60 ndiyo inayolengwa. Kifaa kilitengenezwa kwa kuzingatia dawa za aina ya propofoli. Mpe mgonjwa ketamini, namba inapanda, na daktari asiyejua sababu anaweza kuongeza dawa kwa mgonjwa ambaye tayari amezama. Anayejua kusoma mawimbi yenyewe, badala ya namba, hadanganyiki kirahisi. Pasipo kifaa, kinachobaki ni mapigo ya moyo, presha, upumuaji, jasho, machozi na ukubwa wa mboni. Dalili hizo husema habari za mwili, na mwili unaweza kutulia huku mtu yuko macho, hasa akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli.

Hofu hiyo ina takwimu. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja katika takriban 19,000 aliripoti mwenyewe kwamba alijitambua wakati wa upasuaji. Pale dawa ya kulegeza misuli ilipotumika ilikuwa mmoja katika 8,000 hivi. Kwa wanawake waliozalishwa kwa upasuaji chini ya nusukaputi, mmoja katika 670. Ndiyo sababu mojawapo, ingawa si kuu, ya wajawazito wengi kuchomwa sindano ya mgongo badala yake.

Lakini hao ni waliokumbuka. Kuna mbinu ya kuwatafuta wasiokumbuka: unafunga mkono mmoja kwa kanda ya presha kabla ya dawa ya kulegeza misuli, ili mkono huo ubaki na nguvu, kisha unamwambia mgonjwa aliyelazwa, "Kama unanisikia, minya mkono wangu." Katika utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 12 kati ya 260 waliminya muda mfupi baada ya kuingizwa mrija wa kupumulia. Karibu wote hawakuwa na kumbukumbu yoyote baadaye. Mimi naona namba hiyo inasumbua kuliko ya kwanza.

Kuzinduka nako hakufuati njia ya kulala ikirudiwa kinyumenyume. Kwa kawaida mgonjwa huzinduka dawa ikiwa imeshuka chini ya kiwango kilichomlaza, maana mtandao uliotulia hung'ang'ania utulivu wake. Panya waliorekodiwa wakitoka kwenye mvuke wa usingizi uitwao isofloreni hawakupanda taratibu, walirukaruka kati ya hali chache zinazotambulika mpaka wakafika. Mwaka 2021 kundi la Mashour lilichapisha matokeo ya watu 30 wenye afya waliojitolea kulazwa kwa isofloreni kwa muda wa saa tatu, bila upasuaji wowote, kisha wakajaribiwa akili mara kwa mara. Uwezo wa kufikiri kwa mantiki ulirudi mapema kuliko wepesi wa kuitikia na umakini, tofauti na walivyotarajia wengi, na ndani ya saa tatu baada ya kuzinduka walikuwa wamewakaribia wenzao ambao hawakulazwa.

Mgonjwa wa kweli huwa na maumivu, dawa za kutuliza maumivu, njaa na uchovu juu ya hayo. Anauliza "Wamemaliza?" mara tano ndani ya dakika kumi kwa sababu hipokampasi yake bado haijaanza kuandika majibu, ingawa midomo inaongea vizuri. Ndugu wasishtuke, na wasidhani wanaeleweka. Maelekezo ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki yaandikwe, apewe anayemsindikiza, na yeye mwenyewe asishike usukani wala kutia saini hati yoyote kwa saa 24.